Mbwa Mtoro na Ua Wake: Kiini cha Utorokaji na Namna ya Kuuzuia

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika darasa la fasihi simulizi methali hii hufasiriwa kwa maana yake ya ndani, yaani kasoro ndogo isiporekebishwa mapema huzaa hasara kubwa. Kwa mfugaji wa mbwa, hata hivyo, maana ya nje ya methali hii inatosha: ufa ni ufa, na ukuta ni ukuta. Pengo la upana wa viganja viwili chini ya lango laweza kumtoa mbwa nje, na yatakayotokea huko nje hayamhusu mbwa peke yake. Huenda akagongwa na matatu. Huenda akamuuma mtoto aendaye shuleni alfajiri. Huenda pia akarejea nyumbani akiwa ameambukizwa maradhi ambayo, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, takribani hakuna anayepona.

Makala haya yanadhamiria kueleza sababu zinazomfanya mbwa atoroke katika ua uliozungushiwa kizuizi, na njia zinazofaa za kumzuia. Yataanza kwa kufafanua istilahi chache, kisha yataeleza uzito wa suala lenyewe, viini vya utorokaji, mbinu anazotumia mbwa na jinsi ya kuzikabili, na hatimaye malezi yanayomfanya mbwa asitamani kutoka. Hoja inayoongoza makala ni kwamba ua ni ngome ya mwisho. Anayeanza na ua pasipo kuuliza kwa nini mbwa anataka kutoka atajenga kila mwaka na mbwa ataendelea kutoka.

Ufafanuzi wa istilahi

Neno ua (wingi nyua) lina maana mbili zinazokaribiana katika Kiswahili. Kwanza ni kizuizi kinachozunguka makazi. Pili ni uwanja uliozingirwa na kizuizi hicho. Ukaribu huu una faida kwa mjadala wetu kwa kuwa wafugaji wengi hushughulikia maana ya kwanza wakaisahau ya pili: hununua waya na misumari, lakini hawajiulizi uwanja wenyewe unampa mbwa nini cha kufanya kuanzia macheo hadi machweo.

Wigo hutumiwa zaidi kwa kizuizi cha miti, fito au miiba, ilhali seng'enge ni waya wenye miiba. Katika sehemu nyingi za bara nchini Kenya wigo hai huoteshwa kwa kayaba, mti wenye miiba mirefu ambao asili yake ni kusini mwa Afrika. Kwingineko hutumiwa minyaa, ambayo utomvu wake ni hatari kwa macho ya watu na wanyama. Mijini kuna kuta za mawe, mabati na nyavu za waya.

Istilahi ya mwisho ni koko. Mbwa koko, katika matumizi ya kawaida, ni mbwa asiye na mwenyewe, anayezurura akijitafutia riziki majalalani. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika Afrika Mashariki zimedhihirisha kuwa wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe. Wana jina, wana mlango wanakolala, na kuna mtu anayewatupia mabaki ya ugali jioni. Kwa hivyo, neno koko aghalabu humfichia mfugaji aibu yake. Mbwa akiwa ndani ni mbwa wa fulani. Akitoka nje na kuuma mtu, ghafla anakuwa koko.

Uzito wa suala

Huenda msomaji akajiuliza ikiwa jambo la mbwa kuruka ua lastahili mjadala wa kina. Jibu linapatikana katika maradhi ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika bara la Asia na Afrika. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Aidha, asilimia 40 hivi ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Sababu iko wazi: mtoto ni mfupi, hivi kwamba meno humfikia usoni na kichwani, hukimbia anapoogopa, jambo linalomchochea mbwa kumfukuza, na pengine huficha jeraha akiogopa kugombezwa.

Nchini Kenya maradhi haya yalithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuyatokomeza ifikapo mwaka wa 2030. Msingi wa mkakati huo ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70 katika kila eneo, kiwango ambacho wataalamu wanakubaliana kuwa hukata mnyororo wa maambukizi. Mbwa asiyejulikana aliko ni vigumu kumchanja. Mbwa anayelala huku na kushinda kule huachwa nyuma siku ya chanjo, na ndiye anayekutana na mbwa wengi zaidi.

Zaidi ya maradhi kuna ujirani. Mbwa mtoro hula kuku wa jirani, huparura mifuko ya taka, hufukuza waendesha pikipiki na kusababisha ajali. Katika miji ya pwani kama vile Lamu na Mombasa, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito ambayo huondolewa kwa kuosha mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Jirani aliyetia udhu na anayeelekea msikitini akirukiwa na mbwa mwenye furaha, hajafanyiwa mzaha hata kidogo. Mfugaji anayemdhibiti mbwa wake anamheshimu jirani hata kama imani zao ni tofauti.

Mbwa mwenyewe pia yumo hatarini. Anayezoea kuzurura hugongwa na magari, hulishwa sumu na waliochoshwa naye, au huuawa katika misako ya mbwa wanaorandaranda. Kwa hakika, kumweka ndani ni kumhurumia.

Viini vya utorokaji

Mbwa hatoroki kwa utundu tu. Kila safari yake ina sababu, na sababu hizo zaweza kugawika katika makundi matano.

Kiini cha kwanza ni uzazi. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi hupata joto takribani mara mbili kwa mwaka, na kila kipindi huchukua muda wa majuma matatu hivi. Harufu yake huwafikia madume walio mbali, na dume aliyeisikia atavuka wigo ambao hajawahi kuutazama mara mbili. Vivyo hivyo, jike mwenyewe hutafuta njia ya kutoka. Baada ya siku zipatazo 63 watoto huzaliwa, na wengi wao huishia kuwa koko wa kweli.

Kiini cha pili ni uchovu wa upweke. Katika miji mingi ya Kenya kuna desturi ya kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungua usiku ili alinde. Mnyama aliyeumbwa kutembea, kunusa na kushirikiana na wenzake hukaa saa kumi na mbili akitazama ubao. Anapofunguliwa nguvu zote za siku hutafuta pa kutokea, na ua unakuwa kikwazo cha kwanza mbele yake.

Kiini cha tatu ni hofu. Ngurumo za radi, milio ya fataki za mkesha wa mwaka mpya na kelele za ujenzi huweza kumtia mbwa kiwewe hadi akavunja mbao au kupenya pahali ambapo siku za kawaida hapitiki. Mbwa wa namna hii hakusudii kwenda popote, anakimbia sauti.

Kiini cha nne ni njaa na tamaa. Bucha iliyo karibu, jalala lisilofunikwa, au mama muuza samaki upande wa pili wa barabara hutosha kumwita. Mbwa anayekula mlo mmoja usioshibisha ana sababu nzuri ya kutafuta wa pili.

Kiini cha tano ni mazoea. Mbwa aliyetoka mara moja akapata mfupa, mwenzi au mchezo, amepewa tuzo. Atarudia. Kadiri anavyofanikiwa ndivyo tabia inavyokita mizizi, hata baada ya sababu ya kwanza kuondoka. Hapa ndipo ukweli wa methali ya ufa unapojitokeza tena: kuzuia safari ya kwanza ni rahisi kuliko kuzuia ya kumi.

Mbinu za mbwa na jinsi ya kuzikabili

Mfugaji anapaswa kwanza kuchunguza mahali na namna mbwa anavyotoka. Azunguke ua polepole, kwa ndani na kwa nje, akitazama udongo uliochimbwa, manyoya yaliyonaswa kwenye waya, na alama za kucha ukutani. Iwapo haoni dalili yoyote, na ajifanye ameondoka nyumbani, kisha achungulie kutoka mbali. Mbwa wengi hawatoroki wanapotazamwa.

Mbwa mchimbaji hupitia chini. Kuujaza udongo katika shimo hakusaidii, kwa maana udongo laini humrahisishia kazi. Dawa yake ni kutandaza wavu wa waya ardhini kando ya ua, kwa upande wa ndani, wenye upana wa nusu mita hivi, ukaunganishwa na sehemu ya chini ya kizuizi na kufukiwa kidogo. Mbwa huchimba palipo karibu kabisa na ua. Kucha zake zikigonga wavu hukata tamaa, kwani hana akili ya kurudi nyuma nusu mita ili aanzie hapo. Asiyemudu wavu anaweza kupanga mawe makubwa yaliyozikwa nusu. Ncha za waya zikunjwe zisimkate miguu. Wigo wa kayaba, ijapokuwa huwazuia wezi na ng'ombe, mara nyingi huwa mtupu chini karibu na ardhi. Hapo mbwa hupenya kwa kutambaa, na pengo hilo lapasa kuzibwa kwa wavu au fito.

Mbwa mrukaji hupitia juu. Mbwa mwenye kimo cha wastani huweza kuruka kizuizi cha mita 1.2 pasipo taabu nyingi, hasa akipata nafasi ya kukimbia kwanza. Ua wa mita 1.8 huwazuia wengi. Palipo na uhaba wa fedha, kupanda vichaka vizito upande wa ndani humnyima nafasi ya kukimbia kabla ya kuruka, na hilo pekee huweza kutosha.

Mbwa mpandaji hutofautiana na mrukaji. Huyu hushika wavu kwa makucha na kukwea kama paka, kwa hivyo kuongeza urefu wa wavu ni kumwongezea ngazi. Kinachomfaa ni sehemu ya juu iliyoinamishwa kuelekea ndani, au mabati laini yaliyopigiliwa juu ya wavu yasiyompa pa kushika. Kabla ya gharama hiyo, hata hivyo, ni vyema kuondoa vitu vilivyoegemezwa kwenye ua: pipa la maji, rundo la kuni, matofali yaliyobaki, na hata paa la kibanda cha mbwa mwenyewe. Si nadra ngazi ya mbwa kuwa imewekwa na mwenye nyumba.

Mbwa mpenyaji hutumia mapengo. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba palipopita kichwa, mwili nao aghalabu hupita. Kwa mbwa mchanga pengo linalopitisha ngumi linatosha. Chini ya lango pajengwe kizingiti cha saruji, na nondo zilizoachana zifungiwe wavu.

Mwisho kuna mbwa avamiaye lango. Huyu hahitaji kuchimba wala kuruka. Husubiri gari liingie au mgeni abishe hodi. Mbwa wengi hutoka kwa njia hii kuliko zote, kwa kuwa binadamu ndiye dhaifu katika kizuizi hiki. Bawaba zenye springi zinazolirejesha lango lenyewe, komeo lililowekwa juu asikolifikia kwa pua, na kijilango cha pili ndani ya lango kuu hupunguza hatari. Muhimu kuliko vyuma ni maafikiano ya watu wa nyumbani: mtoto, mfanyakazi na mgeni wote wajue kwamba lango halifunguliwi kabla ya kujua mbwa yuko wapi.

Yasiyofaa kutumiwa

Kuna njia zinazopendwa kwa urahisi wake ilhali madhara yake ni makubwa. Ya kwanza ni mnyororo wa kudumu. Mbwa anayefungwa daima hupata vidonda shingoni, huwa mwoga na mkali, na akifungwa karibu na ua anaweza kuuruka akaning'inia upande wa pili hadi afe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, imefanya kumtesa mnyama kuwa kosa. Pakiwa na dharura, kwa mfano ua unapokarabatiwa, kamba inayoteleza juu ya waya mrefu uliotandwa mbali na ua ni afadhali, na iwe kwa muda mfupi.

Ya pili ni vipande vya chupa na seng'enge zilizokusudiwa mbwa. Mbwa aliyeshikwa na hofu au ashiki hatazami miiba. Atapita na kujichana. Ya tatu ni kipigo cha baada ya kurudi. Mbwa huunganisha adhabu na tendo la papo hapo. Akirejea jioni na kukaribishwa kwa fimbo, anachojifunza ni kuwa kurudi nyumbani ni hatari. Kesho yake atatoka vilevile, ila atachelewa zaidi kurejea.

Malezi yanayomtuliza mbwa

Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa afunzwe tangu utotoni kuketi na kungoja lango linapofunguliwa. Lango lifunguliwe kidogo, akiinuka lifungwe, akitulia apewe kijipande cha nyama na kusifiwa. Mafunzo ya dakika chache kila siku kwa majuma kadhaa humjengea desturi. Vilevile afunzwe kuja anapoitwa, na asiitwe kamwe ili aadhibiwe.

Kuhusu uzazi, suluhisho la kudumu ni kumhasi dume na kumfunga jike kizazi. Kazi hii hufanywa na daktari wa mifugo, na mashirika ya hisani kama vile KSPCA yamekuwa yakiifanya jijini Nairobi. Hamu ya dume ya kuzurura hupungua sana baada ya kuhasiwa, lakini si siku hiyo hiyo. Mabadiliko huchukua majuma kadhaa, na tabia iliyokwisha kuota mizizi huhitaji mafunzo pia.

Kuhusu upweke, mbwa apewe matembezi ya kila siku akiwa ameshikwa kamba, mifupa mikubwa mibichi au vifaa vya kutafuna, kivuli, maji safi, na muda wa kuwa na watu. Anayependa kuchimba atengewe pembe yenye mchanga, akafukiwe humo vitu vya kutafuta. Anayebwekea wapita njia apunguziwe mwanya wa kuona nje kwa mabati au makuti. Aogopaye radi aandaliwe mahali pa ndani penye giza na utulivu kabla ya msimu wa mvua. Anayefuata harufu ya bucha ashibishwe kwa milo miwili ya wakati maalumu.

Mbwa akishatoroka

Hata kwa juhudi zote, iko siku mbwa atatoka. Asikimbizwe, kwani kwake mbio ni mchezo au tishio. Mfugaji achuchumae, amwite kwa sauti ya upole, au akimbie upande mwingine ili mbwa ndiye amfuate. Ukanda wa shingoni wenye nambari ya simu humwezesha mtu baki kumrudisha. Cheti cha chanjo ya kila mwaka kihifadhiwe, kwa kuwa ndicho kitakachoulizwa iwapo ameuma mtu.

Aliyeumwa asingoje kuona kama mbwa ataugua. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini apewe chanjo. Louis Pasteur alipoelekeza mtoto Joseph Meister adungwe chanjo huko Ufaransa mwaka wa 1885, alithibitisha kuwa maradhi haya yanaweza kutanguliwa kabla hayajafika ubongoni. Pilipili, mafuta na dawa za kienyeji zinazopakwa jerahani hupoteza saa ambazo haziwezi kukombolewa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa utorokaji wa mbwa una viini vinavyotambulika, na kwamba kila kiini kina dawa yake. Wavu hauondoi upweke, matembezi hayazibi tundu, na kuhasi hakufungi lango lililoachwa wazi. Mfugaji anayetaka kufaulu hana budi kuunganisha yote: aelewe sababu, azibe njia, na amlee mbwa kwa namna ya kumfanya aridhike na uwanja alio nao.

Mambo haya yakizingatiwa, huenda hata lugha ikanyooka. Jina la koko litabaki kwa yule asiye na mwenyewe, wala halitakuwa maficho ya wenye mbwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa maradhi ambayo tiba yake haijapatikana, kinga ndiyo kila kitu. Kinga hiyo huanza kwa sindano ya daktari, ikaendelea kwa jiwe moja chini ya lango.